Mnara, Sema Tena

Jumatatu, 2 Juni

Mkuu wa zamu anastaafu. Habari njema. Si kwamba namchukia, mzee wa watu hana baya. Ila kiti chake kimekaa mbele ya lile dirisha kubwa la mnara miaka yote hii, kikinitazama, nami nikikitazama.

Asubuhi bosi alitukusanya akatangaza kwamba mrithi atatoka miongoni mwetu, sisi waongozaji ndege. Hakuna usaili. Zitasikilizwa rekodi zetu za redioni, na atakayekalia kiti ni yule ambaye marubani wanamwelewa vizuri zaidi.

Nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Wenye nafasi ni wawili tu: mimi, na yule dada ninayemwita Chiriku kwa wembamba wa sauti yake. Yeye ameingia hapa juzijuzi. Mimi nimeota mvi kwenye mnara huu. Nimeteremsha ndege kwenye mvua, kwenye vumbi, na safari moja katikati ya kundi la mbuzi.

Mchana nikashuka kantini kupongezwa kabla ya wakati. Nyuma yangu walikaa marubani wawili. Mmoja akauliza nani ana zamu ya jioni. Mwenzake akajibu, "Sema Tena." Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nikamuuliza mpishi huyo Sema Tena ni nani. Mpishi akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nikamkazia macho. Akasema kwa adabu zake zote kwamba ni utani tu wa marubani, mzee, eti kila ukiwaambia jambo ni lazima wakuombe useme tena.

Kumbe! Na mimi siku zote nilidhani redio ndiyo mbovu. Hadi fundi nimemgombeza.

Sikumaliza chai.

Jumanne, 3 Juni

Nimetafakari. Nimegundua. Sauti yangu haina uzito. Watu hutii sauti nzito, hilo liko wazi.

Asali na tangawizi kabla ya jua. Nikasukutua koo na kujizoeza kuongea kutoka tumboni. Mama watoto akauliza kutoka chumbani, bafuni kumeingia nini.

Kazini nikaanza na rubani wa ndege ya mizigo. Aliomba kutua. Nikamruhusu kwa sauti ya chini, ya polepole, ya mtu mwenye mamlaka. Kisha akauliza kama umeme wa mnara unasumbua. Nikarudia, nikaiongeza uzito. Akaingia hewani rubani mwingine, mama mmoja anayesafirisha wagonjwa, ambaye sote tunamwita Kepteni Mwewe. Kwa heshima kubwa akataka kujua kama huko mnarani kuna mgonjwa, maana leo yuko na daktari ndani ya ndege.

Chiriku hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alinisogezea glasi ya maji akaniambia kwamba sauti yangu ni nzuri tu. Tatizo ni kwamba nameza maneno, mara mwanzo, mara mwisho. Halafu akaongeza la pili. Utaratibu wetu ni kwamba mnara ukitoa agizo, rubani analirudia, na mnara unasikiliza kama amelirudia sawa. Chiriku anasema mimi hujibu "sahihi" hata rubani hajafika katikati. Eti nasikiliza kama mtu anayengoja nafasi yake ya kuongea mkutanoni.

Nikamshukuru. Moyoni nikajua ni wivu.

Alhamisi, 5 Juni

Wazo la leo lilikuwa zuri. Naliandika hivyo kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine atakayelisema.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Sikio lake moja limelala, la pili linasinzia. Nikajiambia: akinielewa huyu, rubani aliye mawinguni atashindwaje? Na bahati ikanipenda, kwa kuwa jirani yetu anachomelea mageti, na mkwaruzo wa mashine yake ni ule ule wa redio siku ya radi.

Nikasimama barazani, mama uani. Nikatwaa kikombe cha plastiki nikaongea ndani yake, ili sauti itoke kama ya redio. Nikamwomba aende kushoto. Akaenda kushoto. Nikamwomba ageuke. Akageuka, akicheka, maskini, akidhani ni mchezo. Nikamwambia, "Mama, subiri mlangoni."

Kicheko kikakatika. Akanitazama muda mrefu. Midomo yake ikacheza, lakini jirani alikuwa kwenye chuma kikubwa, sikusikia kitu. Haidhuru. Niliona kabisa kwamba ananirudishia agizo.

"Sahihi," nikamjibu.

Akaingia ndani. Nikakaa kwenye kiti nikajipongeza.

Mama watoto aliporudi kutoka shuleni anakofundisha, mama yake hayupo. Mkoba haupo. Jirani alizima mashine akaja kueleza. Amemwona bibi akitoka na mkoba wake analia, anakwenda kwa kaka yake. Bibi alimwambia kwamba mkwe amemwamuru asafiri. Hakuamini masikio yake, ikabidi aulize, "Leo hii?" Mkwe akajibu, "Sahihi."

Nikajaribu kumweleza mama watoto tofauti ya subiri na safiri. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakichukua kile kikombe mezani.

"Mama yangu," akasema, "umemfukuza kwa hiki?"

Sofa yetu ni fupi. Sikuwahi kujua.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa mjomba kumrudisha mama mkwe. Mjomba alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia dada yake amejifungia na hataki kuona mtu. Nikaomba msamaha kwa sauti kupitia mlango. Nikaomba tena kwa sauti zaidi. Mjomba akanigusa bega akasema mtaa mzima umesikia, aliyekusudiwa ndiye hajasikia.

Nikarudi. Mama watoto, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake, akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani alikuwa anasahihisha methali.

Kazini, mambo ni bora kidogo. Mnarani kuna meza mbili za redio. Ya zamani unabonyeza kitufe, na inakwaruza. Mpya ina pedeli sakafuni: ukiikanyaga unaongea, ukiiachia unasikia. Na redio haina vyote viwili kwa pamoja. Mmoja akishaikamata, wengine wote angani wamezibwa midomo. Nimemwambia Chiriku mgongo unanisumbua, niachiwe meza mpya zamu zote. Amekubali bila neno. Basi rekodi zake zitakwaruza, zangu zitatoka kama maji ya chemchemi.

Baadaye akaniletea dawa ya kuchua mgongo, ya mama yake. Nikajisikia vibaya kwa kitambo.

Nimenunua viatu vyeusi vya ncha kali. Vya kiuongozi. Vinabana.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Chiriku ameshuka kunywa chai. Ndege iliyotarajiwa ni moja, ya Kepteni Mwewe, analeta mgonjwa kutoka hospitali ya mbali, na bado hakuwa amekaribia. Mkata nyasi aliomba kuvuka njia ya ndege na trekta lake. Nikamruhusu. Hapo sikukosea, na naomba ijulikane.

Viatu vilikuwa vinaniua. Nikavua kimoja nikakisukuma chini ya meza kwa mguu. Nikasimama dirishani, spika masikioni, maikrofoni mdomoni. Ghafla kukawa kimya kabisa. Hakuna mkwaruzo, hakuna sauti. Nikakifurahia kile kimya. Nikasema, tazama, leo hata mbingu zimetulia.

Nikautumia muda huo. Kwanza nikafanyia mazoezi hotuba yangu ya kukalia kiti. Nikamshukuru bosi, halafu, kwa kuwa niko peke yangu, nikasema wazi kwamba kichwa chake ni boga na kinahitaji kumwagiliwa. Kisha nikafanyia mazoezi msamaha wa mama mkwe. Huo ulinichukua mbali. Nikasema, mama, nilisema subiri, sikusema safiri. Nyumba imepoa. Mke akimnunia mtu, atavumilia, lakini wewe ukininunia naona sina upande wa kuegemea. Rudi. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuliandika hilo hapa.

Simu ya zimamoto ikaita. Nikaiacha iite. Mkuu wa zamu hakurupukii simu.

Nikasikia vishindo vya ngazi. Chiriku, anahema. Hakunitazama mimi. Alitazama nje, nami nikageuka.

Ndege ya Kepteni Mwewe imekwisha kugeuka. Iko chini, magurudumu nje, inakuja, jua limempiga usoni. Na katikati ya njia trekta limesimama. Mzigo wa nyasi umemwagika na yule bwana anazizoa kwa reki, mgongo wake kwa ndege, kama yuko shambani kwake.

Nikapiga kelele kwenye maikrofoni: "Usitue!"

Ndege haikubadili kitu. Ikazidi kushuka.

Chiriku alikwisha kuikamata taa ya ishara, ile inayoning'inia juu ya dirisha na ambayo mimi huanikia koti. Akalitupa koti langu sakafuni, akaielekeza taa kwa ndege, nyekundu, akaishika bila kutikisika. Pua ya ndege ikainuka. Ikapita juu ya trekta, karibu mno, na mkata nyasi akalala kifudifudi juu ya nyasi zake.

Chiriku akainama chini ya meza. Akatoa kiatu changu juu ya pedeli.

Sauti zikamwagika zote kwa mpigo. Mwewe anauliza kuna nini. Mkata nyasi anaita, anaita. Rubani wa mizigo anamwambia mtu amtoe yule mzee kwenye redio. Chiriku akaivuta maikrofoni, akampanga kila mmoja, yule azunguke, yule atoe trekta, kwa sauti ile ile nyembamba. Hakuna aliyemwomba aseme tena. Ndege ikatua. Gari la wagonjwa likaifuata.

Akanikabidhi kiatu changu. Kisha akaliokota koti langu sakafuni, akalikung'uta. Hilo sikulitegemea.

Jumatatu, 9 Juni

Ofisini kwa bosi. Wakacheza rekodi. Kila kitu kimo. Kumbe wamenisikia wote: ndege zote, zimamoto, hata gari la mizigo. Boga likapita. Bosi hakupepesa jicho. Karani wake aliomba ruhusa akatoka kukohoa nje, akakohoa sana.

Halafu ikafika pale. Mlango wa ngazi, kimya kidogo, kisha sauti ya mtu aliyekauka koo: "…tue!"

Bosi akairudisha nyuma. "…tue!" Akairudisha tena.

Nikauliza huyo ni nani anayemwambia atue. Wote wakanigeukia. Nikaelewa.

"Usi" yangu ilibaki kooni. Chiriku akaeleza, akitazama meza badala ya kunitazama, kwamba ndiyo maana kanuni inatutaka tumwambie rubani afanye nini, wala si asifanye nini. Tunasema "zunguka". Hakuna namna ya kulimeza neno hilo likageuka kinyume chake. Kanuni hiyo naijua. Nimewafundisha wengine.

Kepteni Mwewe akaingia, bado na sare ya jana. Nilidhani atafoka. Akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mzee wangu," akasema, "nilikuita mpaka koo likakauka. Nilikuwa na mama mjamzito nyuma, damu inamtoka. Nikasikiliza habari za mkweo, nikasikiliza habari za boga, nikawa nasema, atanyamaza sasa hivi, atanisikia. Ulipokuja kunisemesha, ukaniambia nitue."

Nikauliza habari za yule mama. Yuko hai. Mtoto pia, wa kike.

Nikaomba radhi. Niliisema kwa sauti ndogo, bila tumbo, bila tangawizi. Ilikuwa mara ya kwanza hakuna aliyenitaka nirudie.

Nilitegemea kufukuzwa. Chiriku ndiye aliyezuia. Alisema ile pedeli haina kizuizi, kwamba leo ni kiatu, kesho ni mkoba wa mtu mwingine yeyote, na kwamba alikwisha kulisema hilo likapuuzwa. Bosi akatafuna kalamu. Uamuzi: nimetolewa kwenye maikrofoni mpaka nifundishwe upya. Wa kunifundisha ni Chiriku.

Nikarudi nyumbani nikiburuta miguu. Nikafungua mlango, harufu ya kitunguu. Jikoni, mama mkwe.

Zimamoto mmoja ni jirani wa mjomba. Jana hiyo hiyo alikwenda akamsimulia mama maneno yangu yote, moja moja, kwenye lile sikio linalosinzia. Mama aliniangalia akafuta mikono.

"Kumbe ulisema subiri," akasema. "Basi si ungenisogelea, mwanangu?"

Nimeruhusiwa kurudi chumbani. Sofa nimeiaga kwa heshima.

Alhamisi, 12 Juni

Kiti amepewa Chiriku. Nimempa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, na nimeumia, ila si kama nilivyojiandaa.

Kazi yangu sasa ni kukaa pembeni na spika masikioni, bila maikrofoni. Rubani akiongea, nasikiliza mpaka mwisho, kisha namrudia Chiriku alichosema. Basi. Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka.

Lakini jamani, kuna watu kule juu. Rubani wa mizigo ana kigugumizi kidogo, na namba humshinda anapochoka, ndiyo maana huzirudia. Mwingine akitaja urefu aliopanda, hujirekebisha mwishoni, baada ya pale ambapo mimi ningekuwa nimekwisha kumkata kauli. Leo mmoja alirudia agizo vibaya kabisa, alitaja njia ya kushoto akiwa ameambiwa ya kulia, na mimi ndiye niliyelikamata. Mimi! Chiriku akamrekebisha papo hapo.

"Umeanza kusikia, kaka," akaniambia.

Nilikwenda dirishani nikajifanya natazama mawingu.

Nimeapa. Kuanzia leo, mdomo mmoja, masikio mawili. Nimeyasema hayo hata kwa mama mkwe, nimemsogelea kabisa. Akasema inshallah. Mama watoto akasema tutaona.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetafakari upya. Tulikuwa tunalitazama jambo hili kwa upande mmoja.

Ukweli ni huu. Mama mkwe nilimwomba msamaha uso kwa mlango, akakataa. Nilipomwomba kupitia redio, amerudi. Zimamoto waliosikia walilia, mpishi ameniambia, na mmoja amekwenda kupatana na kaka yake waliyekuwa hawasemezani. Rubani wa mizigo mwenyewe jana aliniuliza kantini kama mama amerudi. Sasa hiyo ni sauti ya mtu wa kukaa kimya pembeni?

Mnara ulikuwa unanibana. Marubani wana haraka, hawana utulivu wa kumsikiliza mtu. Abiria, lakini! Wamekaa pale ukumbini, mizigo miguuni, hawana pa kwenda. Kuna vipaza sauti kila pembe, na vinatumika kutangaza mlango tu. Hasara iliyoje. Nitamwandalia bosi pendekezo: kila asubuhi, nasaha fupi za ndoa, ukwe na usafiri, zikiletwa na mimi. Kwa sauti nzito kidogo. Nimeonja tangawizi tena, bado inafaa.

Mkuu mpya wa zamu amenipigia simu nikiwa katikati ya kuandika haya. Ameniamini mapema kuliko nilivyotarajia: kesho nitajaribiwa kwenye maikrofoni. Alikuwa ananieleza kwa urefu ni meza ipi, nianze na ndege gani, na kuna jambo moja alisisitiza nisilifanye kabisa, au nisilisahau kabisa, moja kati ya hayo. Nilikuwa nimelipata neno la kufungulia nasaha zangu, ikabidi nilishike kichwani lisiponyoke. "Wapendwa wasafiri" au "Enyi wasafiri"?

Akaniuliza kama nimeelewa, nimrudie alichosema.

"Nimepokea yote, dada," nikamwambia, nikakata.

"Enyi" ina uzito zaidi.